Uzi maalumu wa kuhosti gemu nyumbani: kabla hujagusa ruta, hakikisha una anwani yako mwenyewe

Kidudumtu

Wakuu, habari zenu.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Nimeweka seva kwenye kompyuta yangu, mimi naingia vizuri, wenzangu hawaingii. Tatizo nini?" Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo leo naandika yote niliyonayo, na mwenye swali aulize hapa hapa ili na wengine wafaidike. Mitandao sikuisomea darasani. Nimehosti gemu za kompyuta, yaani kuendesha mwenyewe seva, programu inayowakutanisha wachezaji, kutoka chumbani tangu enzi za Counter-Strike 1.6, na makosa nitakayoyataja karibu yote nimeyafanya mwenyewe.

Naanza na kosa lililonila wikendi nzima, maana ndilo ninaloliona kwa watu wengi.

Nilikuwa nimehamia kwenye laini mpya. Seva ya gemu ya Valheim, watu sita wananisubiri. Nikaingia kwenye ruta, nikaelekeza poti 2456 na 2457 za UDP kwenda kwenye kompyuta (poti ni namba ya mlango ambao gemu inapitia, UDP na TCP ni njia mbili za kusafirisha data), nikairuhusu programu kwenye fayawoli ya Windows, mlinzi wa kompyuta, nikawatumia wenzangu anwani. Hakuna aliyeingia. Nikafuta, nikaanza upya. Nikazima fayawoli yote. Nikaitupa kompyuta kwenye DMZ, yaani nikaiacha uchi, ruta ikiipelekea kila kinachokuja kutoka nje. Wapi. Saa nane usiku nikairudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, na nywila ya waifai ya nyumba nzima ikaenda na maji. Kesho yake mchana ndipo nilipotulia nikatazama ukurasa wa hali ya ruta, pale palipoandikwa WAN, yaani upande wa ruta unaotazama intaneti. Anwani ilianza na 100.81. Nikafungua tovuti ya kuonyesha anwani yako ya nje, ikanipa namba nyingine kabisa.

Kumbe usiku kucha nilikuwa napaka rangi mlango wa nyumba isiyo na barabara.

Maelezo yake ni haya. Anwani za IPv4, hizi namba za kawaida za intaneti, hazifiki hata bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba ya IANA, ambao ndio wagawaji wakuu, iliisha Februari 2011. Watoa huduma wakaanza kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mpango huo unaitwa CGNAT, na mwaka 2012 ukatengewa fungu lake la anwani, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Ruta yako ni bawabu wa nyumba yako, ukimwambia "akija mtu wa poti 2456 mlete chumbani" atatii. Lakini kwenye CGNAT kuna bawabu mwingine kwenye geti la mtaa, huyo humjui na hapokei maagizo yako. Wageni wanaishia kwake.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja na hakimalizi dakika mbili. Soma anwani ya WAN ndani ya ruta, kisha soma anwani ambayo intaneti inakuona nayo. Zikifanana, una mlango wako, endelea na mambo ya poti. WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko CGNAT, acha kuitesa ruta. Ikianza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, basi mbele ya ruta yako kuna ruta nyingine. Mara nyingi ni kile kiboksi alichokuacha nacho fundi, kinafanya kazi ya ruta bila wewe kujua. Hiyo inatibika: kiweke kiwe daraja tu (bridge), kipitishe bila kufanya kazi ya ruta, au elekeza poti kwenye vyote viwili.

Karibuni.

Ngamia Mpole

Siti ya mbele kabisa. Mkuu, WAN yangu inaanza na 100.20. Ndiyo nimeshaliwa?

Kidudumtu

Hapana mkuu, uko salama. Fungu la CGNAT linaanzia 100.64. Hiyo 100.20 ni anwani ya kawaida ya hadharani. Ila ilinganishe na ile ya nje kabla hujashangilia.

BintiRuta

Naongezea mtego mmoja. Ukiwa na Tailscale kwenye kompyuta, ile programu ya kuziunganisha kompyuta zilizo mbali kama ziko mtandao mmoja, utaona anwani ya 100.x kwenye orodha ya kadi za mtandao. Siyo ya mtoa huduma, Tailscale nao huwapa watu anwani kutoka fungu hilo hilo. Nimeona mtu akimfokea mtoa huduma wake kwa CGNAT ambayo haikuwapo. Soma WAN ndani ya ruta, siyo kwenye kompyuta.

Kidudumtu

Hahaha, dada BintiRuta, hilo sikulifikiria. Asante.

Chekecheo

Naomba nieleweshwe. Kwa nini mimi mwenye seva naingia bila shida na wenzangu wanakwama? Si kompyuta ni ile ile?

Kidudumtu

Wewe unaingia kwa "localhost", yaani kompyuta yenyewe, au kwa 192.168 fulani, anwani ya ndani ya nyumba. Hujatoka nje ya nyumba, umetoka chumbani kwenda sebuleni. Hiyo inathibitisha kwamba seva imewaka, basi.

Sasa kuna kinyume chake kinachowachanganya watu zaidi. Unajaribu anwani yako ya nje ukiwa ndani ya nyumba, inakataa, unadhani poti zimefungwa. Kuna ruta ambazo hazijui kumtoa mtu nje na kumrudisha ndani kwa mlango huo huo. Mwenzako aliye mbali anaweza kuwa anaingia vizuri kabisa wakati wewe unakuna kichwa. Usijipime mwenyewe kutoka ndani. Washa data ya simu, zima waifai, jaribu kutoka huko, au mwombe mtu mmoja wa nje.

MzeeKebo

Na zile tovuti za kupima poti zinadanganya vijana kila siku. Mambo mawili. Kwanza, seva lazima iwe inafanya kazi wakati unapima, poti isiyo na programu inayosikiliza nyuma yake itaonekana imefungwa hata kama ruta umeipanga sawasawa. Pili, nyingi zinapima TCP tu. Minecraft ya Java ni TCP 25565, Terraria ni TCP 7777, hizo utapata jibu. Lakini Factorio ni UDP 34197, Minecraft ya Bedrock ni UDP 19132, Valheim nayo UDP. Tovuti itakwambia imefungwa hata kama wenzako wako ndani wanacheza.

Chekecheo

Dah. Mzee umenitaja bila kunijua. Factorio yangu niliielekeza TCP wiki nzima.

MzeeKebo

Pole mwanangu. Ruta nyingi zina chaguo la "zote mbili". Chagua hilo ukiwa na shaka, kisha ukishajua gemu inataka ipi, ondoa isiyo na kazi.

Nyundo7

Mimi tatizo langu ni tofauti. Poti ziko sawa, wenzangu walicheza siku tatu, ya nne hakuna anayeingia na sijagusa chochote. Anwani ya WAN ni ya hadharani, nimepima kama alivyosema mwenye uzi.

BintiRuta

Kompyuta yako inatumia 192.168 ngapi leo? Na ulielekeza poti kwenda ngapi?

Nyundo7

Leo ni .14. Kwenye ruta niliandika .9.

BintiRuta

Ndiyo hiyo. Ruta hugawa anwani za ndani kwa mkopo, mkopo ukiisha au umeme ukikatika kompyuta inaweza kupewa nyingine. Poti zako sasa zinaelekea kwenye simu ya mtu au printa. Ingia sehemu ya DHCP, ndiyo inayogawa anwani hizo, ifungie kompyuta hiyo anwani moja kwa kutumia MAC yake, namba ya kadi yake ya mtandao. Kazi ya mara moja.

Ukishamaliza hapo, jua kwamba hata anwani ya nje inaweza kubadilika ruta ikizima na kuwaka. Kwa hiyo usiwape wenzako namba, wape jina. Kuna huduma za DNS badilifu ambazo kijiprogramu kidogo, au ruta yenyewe, huzipelekea taarifa kila anwani inapobadilika. Wenzako wanaandika jina lile lile miaka yote.

Nyundo7

Imekubali dada. Printa ilikuwa inapokea wachezaji.

Kidudumtu

Nyongeza ndogo ya fayawoli ya Windows, maana nayo ina vituko. Kanuni ya kuruhusu programu inashikamana na njia ya faili lenyewe. Seva ya Minecraft inaendeshwa na java.exe. Ukisasisha Java ikakaa kwenye folda nyingine, kwa Windows hiyo ni programu mpya kabisa na ruhusa ya zamani haiihusu. Na ukipokea lile dirisha la kuuliza ruhusa ukalifunga kwa haraka ili urudi kwenye gemu, Windows inachukulia umekataa na inaweka kanuni ya kuzuia, haitakuuliza tena. Fungua orodha ya kanuni za kuingia, futa zote za Java, washa seva upya, safari hii soma kinachoandikwa. Angalia pia mtandao wako umewekwa wa binafsi au wa hadharani. Ukiwa wa hadharani na ruhusa uliitoa kwa wa binafsi tu, hakuna kitu.

Tumbili wa Ukutani

Wakuu, nina kifurushi cha Mbps 50. Tukiwa wanne Minecraft ni asali, tukifika wanane kila mtu anaganda. Kompyuta ina RAM ya kutosha. Mbps 50 haitoshi watu wanane?

MzeeKebo

Hiyo 50 ni ya kupakua, data inayoingia kwako. Ya kupakia, inayotoka kwako, ni ngapi?

Tumbili wa Ukutani

Nimepima sasa hivi: 4.6.

MzeeKebo

Ndiyo hivyo. Mchezaji wa kawaida anaishi kwa kupakua. Mwenye seva anaishi kwa kupakia, na matangazo huwa yanaandika ile namba kubwa tu. Tena usihesabu kwamba watu wakiongezeka mara mbili mzigo unaongezeka mara mbili. Seva inamweleza kila mchezaji habari za wengine wote walio karibu naye. Mkiwa wanne, ni kila mmoja kusikia habari za watatu, jumla 12. Mkiwa wanane, kila mmoja anasikia za saba, jumla 56. Watu mara mbili, habari karibu mara tano. Mkitawanyika ramani nzima inapungua, mkikusanyika kwenye nyumba moja kupigana ndiyo inachemka.

Kidudumtu

Na kwa Minecraft kuna balaa la pili: ardhi yenyewe. Mtu akitembea, seva inamtumia vipande vipya vya dunia. Akiwa na elytra, mabawa ya ndani ya gemu, anaruka, vinatoka kama mvua. Tazama hesabu: `view-distance`, umbali ambao mchezaji anaona, ikiwa 10, ambayo ndiyo hukuja nayo, kila mchezaji anazungukwa na mraba wa vipande 21 kwa 21, yaani 441. Ukiishusha hadi 6, ni 13 kwa 13, yaani 169. Umepunguza zaidi ya nusu kwa kubadilisha namba moja kwenye faili la server.properties. Watalalamika kwamba milima ya mbali imepotea. Waambie wachague milima au kucheza.

Tumbili wa Ukutani

Nimeishusha 6. Tuko saba sasa hivi, wawili wanaruka, hakuna aliyeganda! Ila kuna kitu kimoja kimebaki. Kila baada ya muda pingi, muda wa ujumbe kwenda na kurudi, inapaa kutoka milisekunde 40 hadi 900, dakika mbili tatu, kisha inarudi.

BintiRuta

Nani mwingine yuko kwenye laini hiyo nyumbani?

Tumbili wa Ukutani

Dada yangu. Simu yake inapandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni.

BintiRuta

Hapo ndipo ninapopapenda mimi, niruhusuni niandike kidogo.

Watu wakiona pingi imepanda wanadhani laini "imejaa" na dawa ni kununua kubwa zaidi. Ukweli ni foleni. Simu ya dada ikianza kupandisha picha, pakiti, yaani vipande vya data, zinafika kwenye ruta kwa kasi kuliko laini inavyoweza kuzitoa. Ruta haizitupi, inazipanga. Ruta nyingi zina ghala kubwa la kupanga, kubwa mno. Pakiti ya gemu yenye baiti chache inafika, inaambiwa simama nyuma ya picha zote hizo. Kwenye laini ya Mbps 4.6, megabaiti moja ya picha iliyopangwa mbele yako ni karibu sekunde mbili za kusubiri. Wala haipotei! Inafika salama, imechelewa, na kwenye gemu kuchelewa ni sawa na kupotea.

Jipime hivi: fungua dirisha la amri, piga pingi mfululizo kwenda nje, iache dakika moja. Kisha anza kupakia faili kubwa mahali popote huku unatazama namba. Zikitoka 20 zikaenda 30, ruta yako ina akili. Zikitoka 20 zikaenda 800, ugonjwa umeuona kwa macho.

Dawa ni ruta inayojua kupanga foleni kwa haki. Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, inaitwa SQM, ndani yake kuna mbinu za kupanga foleni za fq_codel au CAKE. Siri iko kwenye namba unayoiwekea: mpe kasi ya kupakia iliyo chini kidogo ya uliyopima. Kwa 4.6 mimi ningeandika 4.1. Ukiiwekea 4.6 kamili, foleni inahamia kwenye modemu ambako huna mamlaka nayo, na hujafanya kitu. Ndiyo, unapoteza kasi kidogo. Unapata pingi inayokaa mahali pamoja hata dada apandishe albamu nzima.

Kama ruta yako haina kitu hicho, weka kikomo cha kupakia kwenye simu na kompyuta nyingine, au mbembeleze dada apandishe picha usiku.

Tumbili wa Ukutani

Dada kasema gemu ndiyo ichezwe usiku.

Ngamia Mpole

😂😂 Kaka umekwisha.

MzeeKebo

Na waifai? Mbona hakuna aliyeisema. Kompyuta yenye seva ichomekwe kebo. Wachezaji wawe na waifai wakitaka, shida ni yao. Seva ikiwa kwenye waifai, jirani akiwasha chochote, watu wote wanane wanaganda pamoja.

Kisiki

Mimi sina shida ya laini, kupakia 40, kebo, pingi safi. Lakini dirisha la seva linaandika "Can't keep up!" kila mara na wanyama wanatembea kwa kurukaruka. Nimeipa RAM GB 16.

Kidudumtu

Hapo intaneti haihusiki kabisa, na RAM ulishaipa kupita kiasi. Minecraft inapiga mapigo 20 kwa sekunde, kila pigo lina milisekunde 50 za kumaliza kazi zote: maji, moto, wanavijiji, mashine zenu za redstone, umeme wa ndani ya gemu. Likizidi 50, seva inabaki nyuma, ndiyo ujumbe huo. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko kwenye kiini kimoja cha prosesa. Viini 16 vya polepole vinashindwa na vinne vyenye kasi.

Tafuta mashamba ya wanyama yaliyojaa kupita kiasi, na zile hoppa, masanduku ya kuhamisha vitu, mamia zilizounganishwa. Shusha `simulation-distance` pia, umbali ambao seva inaufanyia kazi hizo. Na usicheze kwenye kompyuta hiyo hiyo yenye seva kama unaweza kuepuka. Laptopu ya zamani iliyokaa kabatini mara nyingi inatosha kwa watu wanne watano, nayo inakula umeme kidogo.

Nyundo7

Naomba kuchangia jambo: wanaopata shida ya wenzao kutoingia, zimeni `online-mode` iwe false, kila mtu anaingia hata asiye na akaunti. Mimi ndivyo nilivyofanya, raha mustarehe.

BintiRuta

Nyundo, futa hilo kabla mtu hajalifuata!

Ukizima hiyo, seva haiwaulizi tena Mojang, wenye Minecraft, huyu ni nani. Mtu yeyote anaandika jina lolote. Akiandika jina lako wewe mwenye mamlaka, anaingia kama wewe, na amri zote ni zake.

Nyundo7

Lakini nani atajua anwani yangu? Nimewapa watu watano tu.

BintiRuta

Hakuna haja ya kupewa. Anwani zote za IPv4 zinaweza kupekuliwa moja moja kwa mashine, na kuna watu wanaipekua 25565 mchana na usiku. Fungua folda ya logs, kumbukumbu za seva, tafuta majina usiyoyajua. Nakusubiri.

Nyundo7

...Yapo matatu. Moja limeingia jana saa tisa usiku. Na lile ghala letu la almasi ambalo tulidhani Kisiki ndiye aliyeiba...

Kisiki

NILIWAAMBIA.

Nyundo7

Samahani kaka. Kweli kabisa, samahani.

Kidudumtu

Basi tuliweke sawa hili la usalama, maana kufungua poti ni kufungua mlango wa nyumba, siyo wa gemu peke yake.

Desemba 2021 wanaokumbuka wanajua. Kulitoka tundu kwenye Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu za Java, likaitwa Log4Shell. Minecraft ya Java ilikuwa ndani. Mtu aliandika mstari mmoja tu kwenye soga ya gemu, seva ikiuandika kwenye logs zake inakwenda kuchukua msimbo wa mtu huyo na kuuendesha. Soga tu! Toleo 1.18.1 likaja haraka kuziba. Aliyekuwa na seva ya zamani kwenye kompyuta ile ile yenye picha za familia na nywila za kila kitu, hakuwa anachezea gemu tena.

Kwa hiyo: `online-mode` iwe true. `white-list`, orodha ya wanaoruhusiwa, iwe true, na majina uyaandike mwenyewe. Seva iendeshwe na akaunti isiyo ya msimamizi. Fungua poti ya gemu tu. RCON, njia ya kuiamuru seva kutoka mbali, ambayo kwa kawaida ni poti 25575, usiielekeze nje hata kidogo kwa sababu nywila yake inasafiri bila kufichwa. DMZ niliyoitumia mimi usiku ule, msiige. Na UPnP, ile ya ruta kufungua poti kila programu inapoomba, mimi nimeizima. Ni rahisi, kweli, lakini hata programu mbovu inajua kuomba.

MzeeKebo

Na chuki za watu. Ukimpa mtu anwani ya seva umempa anwani ya nyumba yako kwenye intaneti. Akigombana nawe kuhusu ukuta wa mawe, anaweza kukodi watu wakaifurikia laini yako hadi nyumba nzima ikose mtandao. Mirai, programu hasidi ya mwaka 2016 iliyoteka kamera na ruta zenye nywila za kiwandani, chimbuko lake ni ushindani wa kibiashara wa seva za Minecraft. Hosti kwa watu unaowajua. Ukitaka seva ya umma ya watu mia, kakodi mashine kwenye kituo cha data, nyumbani siyo mahali pake.

Chekecheo

Turudi kwa sisi wa CGNAT. Nimepima, WAN yangu ni 100.72. Nimepiga simu kwa mtoa huduma, kijana kaniambia nizime ruta niwashe. Nikazima nikawasha. Ikawa 100.73.

Kidudumtu

Maendeleo hayo mkuu 😂

Usiulize "mbona seva haiingiliki", wa mapokezi hajui. Omba kwa jina: "Naomba anwani ya IPv4 ya hadharani, niondolewe CGNAT." Wengine wanatoa bure kwa anayeomba, wengine wanatoza kwa mwezi, wengine hawana. Soma na mkataba, ipo mikataba ya nyumbani inayokataza seva.

Wakikataa, njia zipo kadhaa. Ya kwanza ni kutazama kama gemu yenyewe inakuhitaji ufungue poti. Gemu nyingi za Steam zina mwaliko wa rafiki unaopita kwenye mitambo ya Valve, wenye Steam, huna cha kufungua. Seva ya Valheim ukiiwasha na `-crossplay` nayo inapita kwenye mitambo ya PlayFab, ya Microsoft.

Ya pili ni mtandao wa kufikirika: Hamachi kwa wazee wenzangu, ZeroTier au Tailscale kwa vijana. Kila mchezaji anaweka programu, kisha mnaonana kama mko kwenye chumba kimoja. Hakuna poti iliyofunguliwa kwa dunia, kwa hiyo kiusalama hii naipenda kuliko zote. Kasoro ni yule rafiki mmoja asiyejua kuweka programu. Kila kundi linaye.

Ya tatu ni handaki kama playit.gg: wewe peke yako unaweka programu, wenzako wanapewa anwani ya kawaida. Trafiki inazungukia kwao kwanza, na mwendo huo unaulipa kwa pingi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kituo kikiwa kilomita 3,000 kutoka kwako, kwenda na kurudi ni milisekunde 30 hata vifaa vyote viwe vya dhahabu. Kwa Terraria hutaona tofauti. Kwa gemu ya risasi utaiona.

BintiRuta

Ya nne, ninayoitumia mimi: VPS ndogo, kompyuta ya kukodi kwenye kituo cha data, yenye anwani ya hadharani, WireGuard, programu ya handaki lililofichwa, kati yake na nyumbani, VPS inapokea wachezaji na kuwasukuma ndani ya handaki. Seva na dunia yote vinabaki kwangu, VPS ni mlango tu. Anayevamia anavamia mlango. Ukifanya hivyo usisahau `PersistentKeepalive = 25` upande wa nyumbani. Ukikaa kimya, bawabu wa CGNAT anasahau kwamba ulipita, na handaki linakufa hadi nyumbani watakapotuma kitu tena.

Ya tano haijasemwa: IPv6, anwani za kizazi kipya zilizo nyingi mno. Angalia kama mtoa huduma anakupa. Nimeona laini ya CGNAT kwenye IPv4 lakini yenye IPv6 kamili, kila kifaa na anwani yake ya hadharani. Hapo unaruhusu tu poti kwenye fayawoli ya ruta, hakuna kuelekeza. Sharti wenzako wote nao wawe nayo.

Chekecheo

Nimejaribu ya pili, Tailscale. Watu wanne ndani, Factorio inakwenda. Wa tano amekwama kwenye kuweka programu, ndiye yule uliyemsema.

Kisiki

Swali la mwisho toka kwangu. Umeme umekatika katikati ya mchezo, seva imewaka tena, kipande cha kijiji kimerudi kuwa ardhi tupu. Kinarudishwa vipi?

Kidudumtu

Kama huna nakala, hakirudi. Faili la eneo hilo liliharibika likiandikwa, na gemu ikaitengeneza ardhi upya kutoka kwenye mbegu, ile namba inayozalisha ramani.

Kuanzia leo: `save-off` ya kusimamisha uhifadhi, kisha `save-all flush` ya kuandika kila kitu kwenye diski, nakili folda ya world kwenda diski nyingine, kisha `save-on`. Watu wengi wanasahau hiyo ya mwisho, seva inaendelea siku nzima bila kuhifadhi kitu. Iandikie hati iendeshwe yenyewe kila baada ya saa kadhaa, uweke nakala za siku saba nyuma. Na UPS ndogo, betri ya akiba, kwa ajili ya ruta, modemu, seva. Dakika kumi zinakutosha kuandika `stop` kwa utulivu.

Kisiki

Nakala ninayo ya mwezi uliopita. Ina almasi zote.

Nyundo7

Irudishe kaka. Kijiji nitajenga mimi.